Kushindwa na mtani kunauma, ila tusitafute wa kumtwisha

Wadau, leo naweka siasa pembeni. Nataka tuongee kriketi. Najua wengine mmeshaanza kucheka: huo mchezo wa Wahindi wa Upanga? Ndiyo, huo huo. Nivumilieni, safari hii itaishia kwa Simba na Yanga.

Jumapili ya tarehe 24 Oktoba 2021 nilikuwa bado chuo. Rafiki yangu mmoja, ambaye babu zake walitoka India, akanialika kwao Upanga kuangalia India na Pakistan zikicheza Dubai, Kombe la Dunia la ova 20. Hawa ni watani wa jadi, lakini utani wao una makovu: nchi mbili zilizogawanywa mwaka 1947 na ambazo zimeshapigana vita zaidi ya mara moja. Mpaka siku ile, India haikuwahi kufungwa na Pakistan kwenye Kombe la Dunia. Kwa hiyo sebuleni ilikuwa sherehe tupu. Chai, sambusa, kelele.

Rohit Sharma akatolewa kwa mpira wake wa kwanza. Kelele zikapungua. India ikajikongoja mpaka mikimbio 151. Kisha Babar Azam na Mohammad Rizwan wakaingia, wakazifuta zote bila Pakistan kupoteza wiketi hata moja. Baba mwenye nyumba akazima runinga, akaenda kulala bila kuaga. Ndipo jamaa mmoja akavunja ukimya: "Ni Shami huyu."

Sikuelewa. Warushaji wote wa India waliambulia patupu, kwa nini Mohammed Shami peke yake? Usiku ule nilipata jibu mtandaoni. Shami ni Mwislamu, na matusi aliyomwagiwa yalikuwa ya dini yake, eti kawauza. Siku chache baadaye nahodha Virat Kohli alijitokeza hadharani kumtetea na kuwakemea waliomtukana. Kuna wapenzi wa India waliochukizwa na nahodha kuliko na matusi yenyewe. Jamani!

Tusidhani ni ugonjwa wa mitandao. Mwaka 1986, fainali Sharjah, Pakistan ilihitaji mikimbio minne kwa mpira mmoja wa mwisho. Kijana wa miaka 20, Chetan Sharma, akaurusha vibaya, Javed Miandad akaupiga sita. Mwaka uliofuata kijana huyo huyo akawa mtu wa kwanza kuangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo kwenye Kombe la Dunia. Lakini ukimtaja leo, watu wanaukumbuka mpira wa Sharjah kwanza. Upande wa pili nao si malaika. Mwaka 1996 Pakistan ilipotolewa na India kule Bangalore, nahodha Wasim Akram, ambaye hata hakucheza kwa sababu ya jeraha, aliambiwa kajisingizia na sanamu zake zikachomwa moto.

Sasa naomba mwaka 1999 tuuangalie vizuri, maana una somo. Januari, mjini Chennai, mechi ya siku tano. India ilihitaji mikimbio 271. Sachin Tendulkar, mgongo ukimuuma, akafikisha 136. Alipotoka ilibaki 17 tu. Wenzake waliobaki wakaongeza minne, wakaisha. Pakistan ikashinda kwa mikimbio 12. Unajua watazamaji walifanya nini? Walisimama wakawapigia makofi Wapakistani, na wale wakazunguka uwanja mzima kuwashukuru.

Haikupita hata miezi miwili, timu zile zile zikakutana Kolkata. Tendulkar akagongana na Shoaib Akhtar wakati akikimbia, akatolewa. Watu wakapandwa na hasira, wakarusha vitu uwanjani. Siku ya mwisho polisi wakawaondoa watazamaji wote na mechi ikamalizika mbele ya viti vitupu. Pakistan ikashinda kwa mikimbio 46.

Mtasema Kolkata walionewa, Chennai hawakuonewa. Sawa, hoja ninaipokea. Lakini hasira ile haikumrudisha Tendulkar uwanjani. Iliwanyima tu wenye mapenzi ya kweli nafasi ya kuiona timu yao ikipigana mpaka mwisho. Na wa Chennai hawakupiga makofi kwa sababu hawakuumia. Waliumia sana. Ila walikubali kwamba uchungu ni wao, si wa kumtwika mtu mwingine.

Kwa mtazamo wangu, tofauti ya mpenzi na mwendawazimu iko hapo hapo. Nuna. Zima simu. Lala njaa ikibidi. Lakini ukianza kutafuta msaliti ndani ya timu yako, na ukaishia kwenye dini au kabila lake, ujue hilo halikuletwa na mchezo. Ulikuwa nalo siku zote, mchezo umekupa tu upenyo wa kulitoa.

Nasema haya nikiwa nami si msafi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilitufunga Simba 5-1. Usiku ule niliandika maneno kuhusu mchezaji wetu mmoja ambayo nisingethubutu kumwambia mama yangu. Nikayafuta asubuhi, lakini watu walishayasoma. Mimi, mwandishi wa habari, ninayelipwa kuchunga maneno!

Rafiki yangu wa Upanga ni Yanga damu. Nilijua atanimaliza. Badala yake usiku ule aliniandikia ujumbe mfupi: "Pole mwanangu. Kula kwanza. Utani nitaanza kesho."

Na kweli kesho yake akaanza, akanitania wiki nzima mpaka nikamkoma. Nilimwacha. Ilikuwa haki yake.