Nguo na mifuko ya plastiki ya mihogo: inaoza kweli?

Mvua kubwa ikinyesha Bukavu, tunajua kitakachofuata. Masashe na chupa vinateremka kwa mifereji mpaka mu ziwa Kivu, mkondo unavibeba mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, mashine zinakwama, na sisi tunabaki mu giza. Kwa hiyo mtu akituambia kuna plastiki inayotoka mu mimea, inayoweza kushonwa mfuko, viatu ama koti ya mvua, lazima tumusikilize. Ila tumuulize pia: ikitupwa, inaishia wapi?

Plastiki hiyo iko, si hadithi. Sukari ya miwa, ama ile inayopatikana mu wanga wa mahindi na mihogo, inachachushwa mpaka inatoa asidi sawa na ile ya maziwa yaliyoganda. Kiwandani inageuzwa plastiki inayoitwa PLA, na mtu anaweza kuivuta ikawa uzi. Poliesta, ile ya nguo nyingi za mitumba, inatoka mu petroli.

Mfano unaojulikana ni Piñatex, kitu kinachochukua nafasi ya ngozi. Carmen Hijosa, mama wa Hispania, aliitengeneza kwa majani ya nanasi ya Ufilipino, yale yanayobaki shambani kisha mavuno. Nyuzi za majani ni karibu 80 kwa mia, PLA karibu 20. Mwaka 2018 Hugo Boss walitoa viatu vyake. Lakini ili ivumilie maji, wakaipaka juu utomvu wa kiwanda wenye asili ya petroli. Basi haiozi yote.

Na PLA yenyewe? Inaoza vizuri mu mitambo ya mbolea yenye joto la karibu digrii 60. Mu mfereji wa Kadutu ama chini ya ziwa, itakaa miaka na miaka. Mashine ya Ruzizi haiulizi kama sashe ilizaliwa na petroli ama na mihogo.

Iko aina ingine, ya jikoni: wanga wa mihogo, maji, vinegre kidogo na gliserini ya famasi, unakoroga kwa moto, unatandaza, unakausha. Inatoa kitu chembamba cha kukatia hereni ama mapambo ya mfuko. Hiyo udongo unaikula kweli. Shida ni kwamba mvua nayo inaikula! Na ile mihogo ni bugali ya watoto. Afadhali kutumia maganda na mabaki ya kinu.

Inayovumilia mvua haiozi, inayooza haivumilii mvua: hapo ndipo fundi wa Goma ama Uvira anakwama, na hata wakubwa wa Ulaya. Kwa maoni yetu, kwa sasa aanze na nyuzi zenyewe. Migomba tunaikata kila siku na kuitupa. Jirani zetu Waganda wanapiga gome la mti wa mutuba mpaka linakuwa kitambaa, UNESCO ilikitambua mwaka 2005, na mti unaota gome lingine.

Tangu dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 masashe yamekatazwa Kongo, na bado yako sokoni. Kesho mchuuzi atakuja na mfuko ulioandikwa «bio». Mbele ya kununua mzigo, kata kipande, kizike mu chungu cha udongo wenye maji, ukichimbue kisha miezi mitatu.