Kusoma si masomo tu

Wiki iliyopita, saa nane ya mchana, jua kali na mteja hakuna, nilikuwa nimekaa sokoni nyuma ya samaki kavu yangu ya Kasenyi, kitabu mkononi. Jirani yangu wa meza akaniuliza:

«Weye mama, unasoma nini pale? Uko na egzama?»

«Hapana, ninasoma tu.»

«Banakulipa?»

«Hapana.»

«Basi ni Biblia.»

«Ni hadithi.»

Akaniangalia sawa vile mtu anaangalia mgonjwa wa malaria anayeanza kuongea ovyo.

Simlaumu. Hapa Bunia ukimwuliza mtu «ulisoma?», unataka kujua kama alifika ku masomo na aliishia darasa gani. Mwenye kuishia la tano ya primaire atakujibu «mimi sikusoma», hata kama kila jioni anasoma bila shida kaye ya PDG kuona deni lake limefika wapi. Neno moja linabeba mambo mawili, na la kwanza limemeza la pili. Mtoto akiacha masomo juu ya kukosa minervali, anaacha na vitabu siku ile ile, pamoja na inifomu. Miaka ishirini kisha yeye ni baba, ana watoto sita, na bado anaamini kitabu ni kitu cha wale waliobaki darasani.

Mimi ninakataa. Kusoma kwa furaha, bila mwalimu, bila pointi, ni haki ya mchimbaji na ya bibi yake sawa na ya mtu wa ofisi.

Mtaniambia: wakati uko wapi? Ninajua. Ninaamka saa kumi na moja, bidon zinanisubiri, watoto wanne, soko, chakula, nguo. Baba yao yuko ku kalieri upande wa Mongbwalu, anarudi kisha mwezi mmoja au mitatu, kufuatana na vile mchanga unavyotoa. Wakati wa bure sina hata dakika. Lakini wakati wa kungoja ninao mwingi kabisa! Ninangoja bombani, ninangoja wateja, ninangoja zamu yangu kwenye kituo cha afya. Na mchimbaji njo anangoja kupita mimi: pompe imalize kutoa maji shimoni, wenzake wapande, PDG afike kugawa mchanga. Masaa hayo yote yanaliwa na karata, na telefone, na mabishano juu ya timu za mpira. Sikatai mpira. Ninasema tu kurasa nne zinaingia hapo, na kwa kurasa nne kwa siku kitabu kidogo kinaisha ndani ya mwezi mmoja.

Kitabu changu nilikipata kwa muuzaji wa mitumba, chini ya rundo la suruali. Kinaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiliandikwa na Mwingereza, Rider Haggard, mwaka 1885, na Swahili yake ilitoka 1929. Nilikinunua juu ya jina. Nilifikiri: mashimo, basi hiki ni chetu. Ni Wazungu watatu wenye karata ya zamani wanaotafuta almasi, pamoja na ndugu wa mmoja wao aliyepotea njiani akiifuata mali hiyo hiyo. Kuna fasi mwandishi anaongea juu ya watu weusi sawa bwana anavyoongea juu ya boyi wake. Hapo ninasimama, ninamtukana kidogo, kisha ninaendelea.

Jioni moja nilimsimulia baba ya watoto ndani ya telefone. Akasema: «Usinisimulie, nisomee.» Kule ku kalieri rezo inapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo tukapatana hivi: watoto wakishakula, ninawasha torshi, ninarekodi dakika tano au sita, ninamtumia. Yeye akipanda kilimani, inaingia. Mega inayolika ni kidogo kuliko ile ya video za vichekesho anazonitumia yeye.

Tukafika fasi wale watu wanafungiwa ndani ya chumba cha almasi. Jiwe kubwa limeshuka, mlango hakuna, mali imejaa pande zote na chakula kinaisha. Nilikata hapo, maana torshi ilikuwa inakufa. Kesho yake nikapata jibu lake: «Kama banapumua bado, iko fasi hewa inapitia. Baache kulia, batafute tundu.» Nikafungua kitabu. Ni hivyo kabisa! Mmoja wao anajiuliza juu ya nini hewa haijaharibika, wanapapasa gizani, wanapata njia. Huyu mwanaume anayesema «mimi sikusoma» alimtangulia mwandishi kurasa mbili, sababu yeye anajua shimo na yule mwandishi alilifikiria tu.

Tangu siku ile hasikilizi peke yake. Wenzake wanakaa kando yake, wanabishana: kwa nini walimwacha yule bibi kizee karibu na jiwe, kwa nini hawakuacha mtu mmoja inje. Sheria ya kwanza ya shimo, wanasema.

Nilifikiri tumevumbua kitu. Kumbe ni mambo ya zamani. Kule Havana, kisiwa cha Cuba, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walianza hivyo mwaka 1865. Mikono inakunja tumbako siku nzima, masikio hayana kazi. Wakamweka mmoja asome kwa sauti, gazeti na riwaya, na walimlipa wenyewe kutoka mfuko wao. Serikali iliogopa, ikapiga marufuku mwaka uliofuata. Kisha mambo yakarudi. Inasemwa sigara za Montecristo zilipata jina juu ya riwaya ya Alexandre Dumas ambayo wafanyakazi hawakuchoka kuisikia.

Basi ninauliza wakubwa wa mashimo: nyinyi mnaolipa mafuta ya pompe na Primus ya jumapili, kitabu kimoja kwa mwezi kinawashinda? Katika kila timu yuko mtu anayesoma vizuri. Aache chepeo nusu saa, asomee wenzake, na sehemu yake ya mchanga isipunguzwe. Wanaopenda Kifaransa watafute Zamenga Batukezanga, yule wa Kinshasa aliyekufa 2000. Vitabu vyake ni vifupi, na watu wake ni watu wa mtaa.

Lakini wazazi, tafadhali, tusigeuze na hii kuwa masomo. Kijana wangu wa kwanza ana miaka kumi na ine, na kwake kitabu kilikuwa fimbo. Mwezi jana nilishikwa na mafua, sauti ikakatika, nikamwambia: «Soma weye, Papa anangoja.» Alisoma vibaya, akikimbia na kuruka maneno. Nilijizuia kumsahihisha, na kujizuia kule kulikuwa kuzito kuliko bidon ya litre ishirini. Baba yake hakumwambia amesoma vizuri, wala vibaya. Aliuliza tu: «Na kisha?» Kijana akachukua tena telefone, akaongeza kurasa mbili.

Sisemi ameacha fikira za kwenda ku kalieri. Jumamosi alirudi na matope mpaka magotini, na tuligombana. Lakini usiku alikuja kuuliza kama ni zamu yake au yangu.

Zimebaki kurasa kumi na tisa. Baba ya watoto ameagiza nisimalizie mbele yeye hajafika nyumbani, anataka kusikia mwisho akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mimi nimeshausoma zamani, nyuma ya samaki. Sitamwambia.