Mteja ni Shahidi: Tuulize Kabla ya Kula, Tuhakikishe Kabla ya Kusema



Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwa kamati ya msikiti wetu na wazazi wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi Uingereza, limo moja linalorudi mara kwa mara: je, kijana wa Kiislamu anaweza kununua chakula katika duka la Mgiriki la mtaani kwake? Wengine huuliza kwa hofu, kwa kuwa wamesikia kwamba fulani aliuziwa nguruwe bila kujua. Wengine huuliza kwa matumaini, kwa kuwa mtoto amepiga simu akisifu samaki na mkate wa duka hilo. Pande zote mbili zinategemea kitu kimoja, nacho ni maneno ya mteja aliyetangulia. Wiki hii tumeona tuyazungumzie maneno hayo: yapatikane vipi, na yasemwe vipi.

Kwanza tulifahamu duka lenyewe, maana tuliishi huko kwa miaka ya masomo na tulikuwa miongoni mwa wateja wake. Ni duka dogo la chakula cha kufungiwa. Mteja huagiza mbele ya kaunta, husubiri, kisha huondoka na kifurushi chake cha moto kwenda kula nyumbani. Wengi wa wenye maduka hayo ni Wagiriki wa kisiwa cha Cyprus, ambao wazee wao walihamia Uingereza kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960, na wengine baada ya vita vya mwaka 1974. Baadhi yao walishika biashara ya samaki na chipsi, wengine wakauza vyakula vya kwao: souvlaki, ambayo ni mishkaki kama tunavyoijua sisi; gyros, yaani nyama inayochomwa kwenye mti wa chuma uliosimama na kukatwa kwa kisu kirefu; jibini ya feta; na tzatziki, maziwa mgando yaliyochanganywa na tango na vitunguu saumu.

Hapo ndipo mazoea yanapoweza kumponza mtu. Gyros inafanana mno na shawarma ya Waarabu na doner ya Waturuki, nayo ina asili moja na hiyo doner. Hata majina ya Kigiriki na Kituruki yote mawili yanatokana na maana ya kuzunguka. Kijana aliyezoea shawarma akiiona nyama ile ikizunguka mbele ya moto, moyo wake hutulia kabla hajauliza. Lakini nchini Ugiriki gyros ya kawaida ni ya nguruwe, na ya kuku huifuata. Mgiriki anayeiuza hivyo hamfichi mtu kitu wala hamhadai yeyote. Anauza chakula cha kwao kwa jina la kwao. Mzigo wa kuuliza uko kwa mnunuzi.

Wapo wanaoona haya kuuliza, wakidhani ni utovu wa adabu au ni kumtuhumu mwenye duka. Tunawaambia wazazi wawaondolee watoto wao haya hiyo. Sheria ya Uingereza inamtaka kila muuza chakula awe na majibu kuhusu vitu 14 vinavyoweza kuwadhuru wenye mzio, kama vile karanga, ufuta, maziwa na samaki. Kwa hiyo watu wa kaunta wamezoea kuulizwa kila siku. Ila sheria hiyo haigusi swali letu la halali na haramu, na hilo ni letu wenyewe kuliuliza. Vilevile ile namba inayobandikwa mlangoni, kuanzia 0 hadi 5, inaeleza usafi wa duka na utunzaji wa chakula tu. Duka linaweza kupata 5 kwa haki kabisa na likawa linauza nguruwe. Anayeisoma namba hiyo kama cheti cha halali anajidanganya mwenyewe.

Maswali yenyewe ni manne, nayo hayachukui dakika mbili. Nyama hii ni ya mnyama gani? Imetoka kwa mchinjaji gani, na kuna cheti? Mnakaangia mafuta gani? Na kisu, koleo na kikaango hiki vinatumika kwa nyama nyingine? Swali la tatu husahauliwa hata na wanaojiona waangalifu. Mtu hujiambia, “Mimi nanunua samaki tu,” akaridhika. Lakini baadhi ya maduka ya samaki ya Uingereza, hasa ya kaskazini, hukaangia mafuta ya ng’ombe ambaye hajui alichinjwaje. Baadhi huchanganya bia katika unga wa kumviringishia samaki. Na kikaango kinachokaanga chipsi pengine ndicho kinachokaanga soseji za nguruwe.

Katika duka moja tulilolizoea, mwenyewe alikuwa mzee wa makamo. Tulipomuuliza maswali hayo kwa mara ya kwanza, aliweka koleo chini akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akatuonesha kwa kidole: hiki ni nguruwe, hiki ni kuku lakini hakikuchinjwa kwa taratibu zenu, na samaki anakaangwa peke yake kwa mafuta ya mimea. Akamaliza kwa kusema kwamba vinavyotufaa dukani kwake ni samaki, maharage, saladi na mkate. Alijua wazi kwamba kwa jibu hilo anapunguza mauzo yake ya siku ile, na akalitoa. Tangu hapo tulinunua kwake kwa utulivu.

Sasa tutazame upande wa pili, ambao kwa maoni yetu ndio mzito zaidi. Mwaka mmoja zilienea habari katika jamaa ya msikiti tuliokuwa tukiswali kwamba mzee yule anawauzia Waislamu samaki waliokaangwa pamoja na nguruwe. Hakuna aliyesema ameona. Kila aliyeulizwa alisema ameambiwa, na mwisho wa mnyororo ulikuwa mtu aliyepita nje ya dirisha akaona nyama ya nguruwe inazunguka. Nyama hiyo haikuwa siri. Ilikuwa imeandikwa ukutani na mwenyewe alikuwa akiitaja kwa kila aliyeuliza. Lakini wiki hiyohiyo familia nyingi zilikoma kwenda. Mzee alituuliza ni kosa gani amewatendea watu wetu. Wazee wa msikiti waliwatuma watu wawili, akawapitisha nyuma ya kaunta, wakaona vikaango viwili na makopo ya mafuta. Walitangaza walichokiona baada ya swala. Baadhi ya familia zilirudi, nyingine hazikurudi kamwe, kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa limekwisha kukaa.

Duka la namna ile hulisha nyumba moja au mbili. Mume yuko kwenye moto, mke yuko kwenye hesabu, watoto wanasaidia jioni baada ya shule. Wateja 20 wakiondoka kwa uvumi, kinachopungua ni kodi ya pango na ada ya mtoto. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari ili tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya haikusema kwamba watu hao wawe wa dini yetu ndipo tuwaogopee madhara. Aidha, aya ya 12 ya sura hiyohiyo inatukataza dhana mbaya na kusengenya.

Je, ina maana mteja anyamaze kwa kila jambo? Hapana. Tunaona ni vyema kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni ladha. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (SAW) hakuwahi kukitia dosari chakula. Alipokipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Basi kama tzatziki imekuchachia au mkate haukukupendeza, iache na uende zako. Ladha ni ya mtu mmoja, na si haki kuifanya hukumu ya duka zima.

La pili ni huduma. Chipsi zimepoa, oda imechelewa, chenji imepungua. Haya aambiwe mwenye duka mwenyewe, hapohapo na kwa upole, kabla ya kuambiwa mtu mwingine yeyote. Mtume (SAW) alimwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Kijana aliyesimama kaunta usiku wa Ijumaa, foleni ikifika mlangoni, naye ni mtoto wa watu. Mara nyingi kosa la huduma hurekebishwa kwa sentensi moja yenye heshima.

La tatu ni hadaa. Mtume (SAW) alipopita sokoni alitia mkono katika lundo la nafaka, akakuta unyevu umefichwa chini, naye akamkemea muuzaji waziwazi. Tazama kwamba alitia mkono kwanza, ndipo akasema. Kuna duka jingine tulilowahi kuingia, lililobandika neno “halali” kioo kizima. Tulipouliza nyama inatoka kwa mchinjaji gani, tulijibiwa kwa ukali kwamba tununue au tuondoke. Tuliondoka. Tulipoulizwa na wenzetu, tuliwaeleza hilo tu: tumeuliza, hatukujibiwa, hatukununua. Hatukusema wanauza haramu, kwa kuwa hatukuliona hilo. Huo ndio mpaka wa ushahidi wa mteja: sema ulichokiona, sema ulichokiuliza, sema ulichojibiwa, kisha simama.

Kuhusu nyama iliyochinjwa na Ahlul Kitab, na machinjio ya kisasa yanayompiga mnyama ganzi kabla ya kumchinja, wanazuoni wana maelezo marefu na hata taasisi zinazotoa vyeti huko Uingereza hazikubaliani. Mzazi amwelekeze mwanawe kwa imamu wa msikiti wa mji anaoishi, ambaye anawajua wachinjaji wa pale.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya ng’ambo tu. Hapa nyumbani watoto wetu hutumwa kila jioni kununua chipsi na mishkaki kibandani. Ni mara ngapi tumeuliza mafuta yale yana siku ngapi, au nyama ile imetoka bucha gani? Na ni mara ngapi tumesema kwamba mama fulani chakula chake si salama, ilhali hatujawahi kusimama mbele ya jiko lake? Mtoto asiyefundishwa kuuliza kwenye kibanda cha mtaani hataweza kuuliza kwenye kaunta ya Mgiriki, tena kwa lugha ya kigeni.

Basi wazazi wapigieni watoto simu wiki hii, muwafundishe yale maswali manne. Na watakapokujibuni kuhusu duka la mtaani kwao, waulizeni swali la tano: umeona mwenyewe, au umeambiwa?

Wabillahi tawfiq.