Mgonjwa Apaliwaye na Maji



Kijana mmoja wa Geita, ambaye baba yake amepatwa na kiharusi, ameuliza: mbona mzee humeza uji mzito bila taabu, lakini akinywa maji hupaliwa? Swali lake ni zuri, kwani wengi wetu humlaza mgonjwa chali tukammiminia maji mdomoni kwa huruma, kumbe twamdhuru.

Ifahamike kwamba kooni mna njia mbili, ya chakula na ya pumzi. Kila tumezapo, njia ya pumzi hufungwa upesi, nasi hatuna habari. Kiharusi hutokea mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka, na ubongo ndio uliamrishao koo. Amri ikichelewa, maji, kwa kuwa yaenda mbio, hupenya kabla mlango haujafungwa, yakaingia mapafuni. Uji mzito huenda polepole. Kadiri ya nusu ya wagonjwa huwa na taabu hii siku za mwanzo, na wengi wao hupata nafuu baada ya majuma machache. Wako wasiokohoa kabisa, na hao ndio wa kuogopewa zaidi: sauti huwa kama yenye maji, kisha homa ya mapafu huwajia.

Wala ugonjwa huu si haba nchini. Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006, hesabu ikisawazishwa kwa umri, ulionyesha wagonjwa wapya wapatao 316 kwa watu 100,000 kila mwaka katika Dar es Salaam, na 109 huko Hai.

Basi kabla hajapewa chochote, hata kidonge, muuguzi na ampime umezaji wake. Nyumbani aketishwe wima, apewe kijiko kidogo, ameze ndipo aongezwe, wala asilazwe mpaka nusu saa ipite. Michembe na karanga ziwekwe kando. Viazi vipondwe, samaki atolewe miiba. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni, maana mate machafu yakishuka mapafuni huleta maradhi.

Lakini liko jambo lisiloandikwa katika cheti cha daktari. Mzee aliyezoea sinia moja na wanawe huona haya mate yakimtoka, akaomba chakula chake kipelekwe chumbani. Watu wa nyumbani huridhika, naye hukonda. Tena akipaliwa huko peke yake, nani atamwona? Mimi naona heri sinia limfuate yeye. Awekewe bakuli lake papo hapo, asiharakishwe, asisemeshwe akiwa na tonge kinywani, na mtoto atakayecheka aondolewe.

Kuhusu saumu, mgonjwa ameruhusiwa kula, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku moja. Wazee wetu wengine hukaza kufunga hata hivyo. Mwana na amweleze baba yake kwa adabu, au amwombe sheikh aseme naye. Hatari kubwa ni magharibi, koo likiwa kavu na bilauri ya maji ikinywewa kwa pupa. Na tende zitolewe kokwa, zipondwe katika uji.