Kizuri hakijiuzi chenyewe, hata kwa waandishi wa programu

Wauzaji wa zana za kompyuta wana soko moja lisilo na mlango wala ushuru. Ni makundi ya majadiliano ya waandishi wa programu kwenye intaneti. Humo huingia watu waliokwama katikati ya kazi, wakiuliza kwa nini programu inakataa kufanya hesabu sawasawa, au ni zana gani itawaokoa siku mbili za kutafuta kosa. Mnunuzi yupo, ana shida, na anaitaja shida yake hadharani. Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa kwamba kumpata mteja wa namna hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Hapa anapatikana bure.

Pamoja na hayo, muuzaji anayeingia na kutangaza bidhaa yake hufukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Makundi mengi yana kanuni inayokataza matangazo ya biashara, na wasimamizi wake huitekeleza bila huruma. Hoja yao ni ile ya wahenga kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Zana ikiwa nzuri, wanasema, watumiaji wataitaja wenyewe.

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba methali hiyo inawapotosha, na gharama ya upotofu huo inawaangukia wauzaji wadogo na wawekezaji wadogo. Lakini ni haki kwanza kueleza hasira ya wasimamizi ilikotoka, maana haikuzuka hivi hivi.

Mtandao wa majadiliano wa Usenet ulianzishwa na wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, Duke na North Carolina, kati ya mwaka 1979 na 1980. Ujumbe ulioandikwa sehemu moja ulinakiliwa kwenye kompyuta ya kila taasisi iliyopokea kundi hilo. Mwandishi alilipia kutuma mara moja tu. Nafasi ya kuhifadhi na gharama ya simu vililipwa na wapokeaji, maelfu kwa maelfu, watake wasitake. Zaidi ya hapo, uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani wakati huo ulikuwa mtandao wa NSFNET, uliogharimiwa na serikali, na masharti yake hayakuruhusu shughuli za kutafuta faida. Mtandao huo ulifungwa Aprili 1995 na kazi yake ikachukuliwa na makampuni binafsi.

Katika mazingira hayo, tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja kwenye makundi zaidi ya 5,500. Walikuwa wakiuza huduma ya kumjazia mtu fomu ya bahati nasibu ya kadi ya kijani ya Marekani. Wasomaji wetu wanaijua biashara hiyo vizuri, kwani hata mitaani kwetu wapo waliotoza fedha kujaza fomu ambayo wakati huo kushiriki kwake kulikuwa bure. Mtu aliyefungua kundi la lugha ya C alilikuta tangazo hilo. Aliyefungua kundi la mapishi alilikuta pia. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba kompyuta za kampuni iliyowapa mawakili hao huduma ya intaneti zilizimika mara kwa mara. Wenyewe hawakujuta. Walidai wamepata wateja wengi, wakaandika na kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo.

Ukitazama kihasibu, kosa la mawakili hao halikuwa kutangaza. Kosa lilikuwa kuwabebesha wengine gharama na kuondoka na mapato yote. Tangazo lao halikuhusiana na makundi walikolitundika, na hawakurudi kujibu swali la yeyote. Tangu siku hiyo wasimamizi wengi wameliona kila tangazo kwa jicho lile lile, na hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Mwaka mmoja baadaye, kwenye Usenet hiyo hiyo, kulitokea tangazo la namna nyingine. Vijana wawili wa Norway, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walikuwa wametengeneza zana iitwayo Qt. Kazi yake ni kumwezesha mwandishi kutengeneza madirisha, vitufe na orodha za programu yake mara moja, kisha programu hiyo ikatumika kwenye Windows na kwenye Unix bila kuandikwa upya. Kampuni yao, ambayo baadaye ilijulikana kama Trolltech, haikuwa na fedha za kununua kurasa kwenye majarida makubwa. Mwezi Mei 1995 waliiweka zana yao kwenye kompyuta ya umma ya chuo kikuu ili yeyote aichukue, na siku sita baadaye wakaitangaza katika comp.os.linux.announce. Hilo lilikuwa kundi lililotengwa kwa matangazo ya vitu vipya, nalo lilikuwa na msimamizi aliyepitia kila ujumbe kabla haujatoka.

Masharti yao yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Anayeandika programu huria anaitumia bure, na anayeandika programu ya kuuza ananunua leseni.

Sasa tuone kama kizuri kilijiuza. Kwa miezi kumi hakuna aliyenunua leseni hata moja. Kampuni iliishi kwa mkataba wa kuiandikia programu kampuni nyingine ya Norway, iitwayo Metis. Machi 1996 Shirika la Anga la Ulaya lilinunua leseni kumi. Mwaka huo ulipokwisha, wateja walikuwa wanane, kila mmoja katika nchi yake, na leseni zote zilizouzwa ni 18. Hebu mfanyabiashara wa vipuri afikirie kufungua duka na kuuza vitu 18 katika mwaka mmoja na miezi saba. Wengi wetu tungekuwa tumesharudisha ufunguo kwa mwenye nyumba.

Kilichowainua kilitokana na lile tangazo. Oktoba 1996 kijana wa Kijerumani, Matthias Ettrich, alianzisha mradi wa KDE wa kuwapa watumiaji wa Linux sura nzuri ya kufanyia kazi, na akachagua Qt iwe msingi wake. Waandishi waliojitolea kwenye mradi huo wakaizoea zana hiyo. Mtu aliyezoea zana usiku kwa kazi ya kujitolea huiomba pia kazini mchana, na kazini ndiko kwenye mwajiri wa kulipia leseni.

Jumuiya hiyo haikuwa ya kunyenyekea. Wengi walipinga mradi wa watu wote kujengwa juu ya mali ya kampuni moja. Mwaka 1997 wapinzani walianzisha mradi mwingine, GNOME, kwa sababu hiyo hiyo. Trolltech ingeweza kununa na kutafuta wateja kwingine. Badala yake, mwaka 1998 ilikubaliana na KDE kuunda taasisi ya kulinda toleo la bure iwapo kampuni ingeliacha, na mwaka 2000 ikalitoa toleo la Unix na Linux chini ya leseni ya GPL, ambayo hata wapinzani waliikubali. Kwa lugha yetu ya sokoni, muuzaji alikubali kupunguza haki zake ili abaki na kibanda chake gulioni. Mwaka 2006 hisa za Trolltech ziliingia Soko la Hisa la Oslo, na mwaka 2008 Nokia iliinunua kampuni nzima kwa kiasi cha dola milioni 150.

Yaliyofuata yanawahusu wenye hisa zaidi. Nokia ilibadili mwelekeo mwaka 2011 ikahamia kwenye mfumo wa Microsoft, na mwaka 2012 ikaiuza Qt kwa Digia ya Finland kwa sehemu ndogo tu ya fedha ilizolipa. Kampuni iliyonunua zana pamoja na imani ya watumiaji wake haikuwa tena na haja ya imani hiyo, na bei ikaporomoka. Digia nayo ikaitenga biashara hiyo, na tangu mwaka 2016 The Qt Company ina hisa zake kwenye soko la Helsinki. Zana iliyouza leseni 18 bado inaliwa faida na watu.

Nirudi kwa wasimamizi. Wapo watakaosema Qt ilifanikiwa kwa ubora wake. Sawa, lakini Ettrich angeuchagua ubora gani kama tangazo lingefutwa asubuhi ile ya Mei 1995? Marufuku ya jumla haimzuii mkubwa. Kampuni yenye fedha hununua nafasi ya tangazo pembeni ya majadiliano, hudhamini mikutano, huajiri wasemaji. Anayezuiwa ni yule mwenye zana nzuri na mfuko mtupu.

Marufuku ina madhara mengine mabaya zaidi, nayo ni kuzaa sifa za kificho. Muuzaji aliyekatazwa kusema "hii ni yangu" huvaa kanzu ya mteja. Anajibu swali la mtu kwa jina la bandia, anaisifu zana yake kama aliyekutana nayo kwa bahati, na rafiki yake anaitikia. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho inataka mtu anayesifu bidhaa aeleze uhusiano wake na muuzaji, na mwaka 2024 ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja. Kanuni ni nzuri, ila kumkamata mtu wa jina la bandia aliye nchi nyingine ni kazi ya kufukuza upepo.

Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilipata njia iliyo karibu na ile tunayoipendelea. Mtu anaruhusiwa kutaja bidhaa yake ikiwa kweli inajibu swali lililoulizwa, na ikiwa atasema wazi kwamba ni yake. Anayetaka kutangaza tu analipia nafasi ya tangazo. Mwaka 2021 kampuni ya Prosus ilikubali kuinunua Stack Overflow kwa dola bilioni 1.8. Prosus ni tawi la Naspers ya Afrika Kusini, kwa hiyo mwekezaji wa Johannesburg, hata aliyemo kupitia mfuko wa pensheni, ana chembe ya makundi haya bila kujua. Majibu yaliyoandikwa bure na watu wasiolipwa yakawa mali yenye bei. Tusikasirike sana kwa hilo, lakini tukumbuke ni nani aliyeyaandika.

Mali hiyo imetikiswa. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, waandishi wengi huiuliza mashine kabla ya kumwuliza binadamu. Oktoba 2023 Stack Overflow ilipunguza asilimia 28 ya wafanyakazi wake, na Mei 2024 ikatangaza makubaliano na OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT hiyo hiyo. Reddit nayo, yenye makundi mengi ya waandishi wa programu, iliingia mkataba na Google mwaka 2024 wa kuipatia maandishi ya wanachama wake, na Machi mwaka huo ikauza hisa kwa umma kwa dola 34 kila moja.

Hapa ndipo mwenye hisa anapaswa kukaa wima. Mashine hujifunza kutokana na majadiliano. Kwa hiyo sifa ya kificho iliyopandwa kwenye kundi leo inaweza kuvunwa baadaye kama jibu la mashine, likisomwa na watu ambao hawakuona nani aliipanda. Kishawishi cha kuvaa kanzu ya mteja kimepanda bei. Kampuni inayouza maandishi ya makundi inauza bidhaa inayoweza kuchafuliwa na watu wa nje bila gharama yoyote, na mnunuzi wa hisa zake ana haki ya kuuliza inaichuja vipi.

Kwa wenye mitaji midogo wanaofikiria kampuni ya zana za programu, iwe ya Helsinki au ya kijana wa hapa anayeuza kiunganishi cha malipo ya simu kwa waandishi wenzake, ushauri wangu ni kwamba taarifa ya mapato pekee haitoshi. Nenda kwenye makundi yanakojadiliwa mambo ya zana hiyo. Angalia kama wafanyakazi wa kampuni wanajibu maswali kwa majina yao, pamoja na yale maswali ambayo jibu lake halimwingizii mtu senti. Angalia wanavyojibu wanapoambiwa zana yao ina kasoro. Ukikuta sifa nyingi kutoka kwa watu waliojiandikisha juzi na hawajawahi kuandika jambo jingine, weka fedha yako mfukoni.

Na wasimamizi wa makundi ya kwetu, yale ya simu ambayo kila wiki kuna ugomvi wa nani katundika tangazo, wangefungua kona moja ya matangazo yenye masharti matatu. Muuzaji ataje jina lake na bei. Atoe toleo la kujaribu. Na akae siku saba akijibu maswali, la sivyo tangazo lishushwe.