Cambiaso Hakumtabiri Picasso

Kuna sifa ambazo ni matusi. Mchoro wa Luca Cambiaso ukisambaa mitandaoni, ule wa watu walioundwa kwa masanduku, vichwa vya mraba na mapaja kama mawe ya kujengea, hakosi mtu wa kuandika, “Aki huyu alianza kubizimu zaidi ya miaka 300 kabla ya Picasso!” Likes zinamiminika.

Hapana, bana. Hakuanza kubizimu. Alikuwa kazini.

Cambiaso, aliyezaliwa 1527, alikuwa fundi wa Genoa, na kilichomlisha ni kuchora kuta na dari za makanisa na majumba ya matajiri. Kazi hiyo hufanywa kwenye plasta mbichi. Ikikauka, umechelewa. Huwezi kupanda jukwaani ndio uanze kujiuliza goti la malaika limeelekea wapi. Hayo unayamaliza kwenye karatasi, kwa kalamu na wino. Na sanduku ni rahisi kulisoma: upande huu umepata mwanga, ule uko kivulini, huu umetugeukia. Ukishalielewa, ndio unalivisha nyama na nguo.

Tena hakuwa peke yake. Huko Nuremberg, Erhard Schön alichapisha mwaka 1538 kitabu cha mafunzo chenye watu wa masanduku. Mwaka 1624, Giovanni Battista Bracelli alitoa Livorno kitabu kizima cha watu waliojengwa kwa masanduku, minyororo na vyombo, na yeye alikuwa anacheza tu. Huyu akifundisha, yule akipanga ukuta, mwingine akitania. Ukiwaita wote “watabiri wa usasa,” umefuta tofauti zao zote kwa neno moja.

Mbona inaniuma? Kwa sababu mchezo huu tunaujua. Vinyago vya Afrika vilikaa kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, kama vitu vya ajabu vya watu wa mbali. Picasso akaviona 1907, na baadaye vikapandishwa cheo: vikawa chanzo cha sanaa ya kisasa. Chanzo cha kazi ya mtu mwingine! Aliyechonga alikuwa anatatua shida gani, kwa ajili ya nani? Hilo swali liliachwa nyuma.

Najua utaniambia ulinganisho huo ni mlango, unamwingiza mgeni. Sawa. Lakini wengi wanasimama mlangoni, wanapiga picha, wanaenda zao.

Kwa hivyo hebu jaribu hivi. Usiulize mchoro ule unafanana na nini. Uliza mwanga unatoka upande gani, na uzito wa mwili umeegemea mguu upi. Kisha mchore rafiki yako ameinama kufunga kamba za viatu, kwa masanduku matupu. Utakwama kwenye bega. Ukikwama, rudi kwa Cambiaso uone yeye alipitaje hapo.