Windows inapiga kelele, ya maana inaficha!

Wadau, hivi nani bado anasoma maonyo ya Windows? Una uhakika? Unaruhusu? Mtu anabonyeza ndiyo huku macho yako kwenye simu. Ukipigiwa kelele kwa kila kitu unazoea, ndo ilivyo.

Halafu cha maana wanakificha! Mkia wa jina la faili, yaani ile .exe au .vbs, hauonekani mpaka ukauwashe mwenyewe. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilipita humohumo: watu waliona barua ya mapenzi ya .TXT, kumbe nyuma kuna .vbs. Miaka 20 na ushee, bado wameficha tu!

Sasa hiyo harusi.jpg uliyotumiwa... kama mikia imefichwa, .jpg unaionaje? Nenda View, washa File name extensions, kabla hujaifungua.